London hadi Helsinki: Mwongozo Kamili wa Kupima Umbali na Muda wa Ndege

Kila msimu wa likizo ukikaribia, swali hili linarudi: London hadi Helsinki ni umbali gani, na ndege inachukua muda gani? Majibu wanayopeana watu yanakosewa palepale. Mtu anafungua tiketi yake, anaona ndege inaondoka London 10:20 na kufika Helsinki 15:15. Anatoa, anapata saa 4 na dakika 55. Anatazama ya kurudi: kuondoka 16:00, kufika 17:10. Anatoa tena, anapata saa 1 na dakika 10. Njia ni ileile, ndege ni ya aina ileile. Kwa hesabu hiyo anapanga kuunganisha na ndege nyingine, au anamwambia shemeji aje kumpokea saa ambayo yeye bado yuko juu ya bahari.

Tatizo ni kwamba safari moja ya ndege ina muda wa aina nne: wa hewani, wa geti hadi geti, ule unaoonyeshwa na saa za ukutani, na wa mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Wengi huuchukua mmoja wakidhani ni mwingine. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, nawe utaweza kuzitumia kwa miji yoyote miwili ya Ulaya. Nyakati za ndege nilizoweka hapa ni za mfano wa kujifunzia. Wewe weka zilizo kwenye tiketi yako.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tiketi au ratiba yenye tarehe, saa za kuondoka na kufika, na majina kamili ya viwanja.
- Msimbo wa herufi tatu wa kila uwanja. Katika mfano wetu ni LHR (Heathrow) na HEL (Helsinki-Vantaa).
- Latitudo na longitudo za viwanja hivyo. Zinapatikana kwenye ramani ya simu ukikandamiza kidole juu ya uwanja.
- Kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Simu nyingi ukizilaza upande vinajitokeza.
- Karatasi na kalamu. Usifanye kichwani, saa zinachanganya hata watu makini.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni uwanja gani

Tiketi ikisema "London" peke yake, bado hujajua unaondokea wapi. Heathrow uko magharibi mwa jiji, Gatwick uko kusini kama km 45 kutoka katikati, Luton uko kaskazini, na Stansted uko kaskazini-mashariki, mbali zaidi ya vyote hivyo. City uko ndani ya jiji lenyewe. Ukiona LON kwenye ukurasa wa kutafutia tiketi, huo ni msimbo wa jiji zima unaokusanya viwanja vyote. Kwenye tiketi tafuta LHR, LGW, LTN, STN au LCY.

Sababu: umbali wa ndege hupimwa kutoka uwanja hadi uwanja. Kutoka katikati ya London hadi katikati ya Helsinki ni kama km 1,820. Kutoka Heathrow hadi Vantaa utaona hapa chini kwamba inakaribia km 1,850.

Tahadhari: usiunganishe ndege inayotua Heathrow na nyingine inayoondokea Stansted ukidhani kwa kuwa zote ni "London" utapenya tu. Utavuka jiji zima na mizigo yako. Mashirika ya bei nafuu yana mtindo huu kote Ulaya: uwanja wa Beauvais unauzwa kama Paris ilhali uko zaidi ya km 80 kutoka jijini, na Skavsta unauzwa kama Stockholm ukiwa karibu km 100 kutoka jijini.

Kwa upande wa Helsinki hakuna mtego. Uwanja ni mmoja, uko Vantaa, kaskazini mwa jiji.

## Hatua ya 2: Pima umbali wa anga

Usitumie umbali wa barabara. Kwa gari kutoka London hadi Helsinki utazidi km 2,000, maana inabidi uvuke kwenda bara, uzunguke hadi Skandinavia, kisha upande feri kuvuka Baltiki. Ndege inakata juu ya Bahari ya Kaskazini na kusini mwa Skandinavia.

Njia ya haraka ni chombo cha kupimia umbali kwenye ramani ya simu. Weka alama ya kwanza Heathrow na ya pili Vantaa, usome namba. Ukiona mstari umepinda kuelekea kaskazini, usishtuke. Dunia ni mviringo, na njia fupi juu ya mviringo huonekana imepinda ikichorwa kwenye karatasi bapa.

Njia ya mkono inachukua dakika tano, na nakusihi uifanye angalau mara moja ili ujue namba inatoka wapi.

1. Andika: Heathrow ni latitudo 51.47, longitudo −0.45. Vantaa ni latitudo 60.32, longitudo 24.96.
2. Tafuta tofauti ya longitudo. Heathrow iko magharibi mwa mstari wa sifuri, ndiyo maana ina alama ya kutoa. Kwa hiyo tofauti ni 24.96 + 0.45 = 25.41.
3. Zidisha sin 51.47 kwa sin 60.32. Utapata kama 0.6797.
4. Zidisha cos 51.47 kwa cos 60.32 kwa cos 25.41. Utapata kama 0.2786.
5. Jumlisha: 0.9583.
6. Bonyeza cos⁻¹ ya jumla hiyo. Utapata kama digrii 16.61.
7. Zidisha kwa 111.2, ambazo ni kilomita za digrii moja juu ya uso wa dunia. Jibu: kama km 1,847 au 1,848, kutegemea ulivyokadiria desimali; hapa chini nimetumia 1,848.

Tahadhari mbili. Kwanza, kikokotoo kiwe kwenye DEG (digrii). Kikiwa kwenye RAD utapata namba isiyo na maana. Pili, angalia sana ile alama ya kutoa. Aliyeandika 24.96 − 0.45 hupata kama km 1,801. Jibu lake linaonekana zuri kabisa, na ndiyo maana hagundui kosa lake. Amepoteza kilomita zaidi ya arobaini.

Utajua umepatia ukiwa na namba kati ya 1,840 na 1,860. Zana tofauti hupishana kilomita chache kwa sababu nyingine huhesabu dunia kama tufe kamili na nyingine huzingatia kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha.

Ukikutana na 1,148, hizo ni maili. Ukikutana na 997 au 998, hizo ni maili za baharini, ambazo marubani wanazitumia. Maili ya kawaida ni km 1.609 na ya baharini ni km 1.852. Kabla hujabishana na mtu kuhusu umbali, muulize ametumia kipimo gani.

## Hatua ya 3: Jua kwamba ndege haitapita juu ya mstari wako

Kwa London na Helsinki tofauti ni ndogo. Ndege inapanda kwa kufuata njia zilizopangwa, inapita kwenye vituo vya anga vilivyowekwa, na inapofika inazungushwa ili itue kwa mwelekeo wa upepo. Hayo yanaongeza kilomita kadhaa.

Kwa miji mingine tofauti ni kubwa. Chora mstari kutoka Helsinki hadi Istanbul: unapita Estonia, Latvia na Lithuania, halafu Belarus na Ukraine. Anga ya Ukraine ilifungwa kwa ndege za abiria tangu 24 Februari 2022, na mashirika ya Umoja wa Ulaya yalikuwa yameshaacha kupita juu ya Belarus tangu 2021. Ndege ikabidi ishukie upande wa Poland na Romania. Kikokotoo hakijui habari za vita. Kwa safari yoyote ya mashariki mwa Ulaya, fungua programu ya kufuatilia ndege, tazama ndege ya jana ilipita wapi, na uamini hiyo.

## Hatua ya 4: Kadiria muda wa geti hadi geti

Chukua umbali, gawanya kwa 800, kisha ongeza dakika 35.

1,848 ÷ 800 = saa 2.31, yaani saa 2 na dakika 19. Ongeza dakika 35: saa 2 na dakika 54.

Kwa nini 800? Ndege za masafa haya, jamii ya Airbus A320 na Boeing 737, zikiwa juu huenda kama km 830 kwa saa. Tunashusha hadi 800 kwa sababu ya ile mizunguko ya hatua ya 3.

Kwa nini dakika 35? Muda unaoandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoachia geti na kuisha inapoegeshwa. Katikati hapo kuna kusukumwa nyuma, kutembea hadi njia ya kurukia, kusubiri foleni (Heathrow ina njia mbili tu, na ni nadra kuzikuta tupu), kupanda kwa mwendo wa chini, kushuka kwa mwendo wa chini, na kutembea tena hadi geti.

Sasa weka upepo. Ulaya ya kaskazini pepo za juu huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Helsinki zinakusukuma; ukirudi London zinakukabili. Tuseme ni pepo za km 50 kwa saa:

- Kwenda: 1,848 ÷ 850 ni saa 2 na dakika 10. Pamoja na zile 35, saa 2 na dakika 45.
- Kurudi: 1,848 ÷ 750 ni saa 2 na dakika 28. Pamoja na zile 35, saa 3 na dakika 3.

Ratiba halisi huwa ndefu kidogo kuliko hesabu hii, kwa sababu mashirika huongeza akiba ya dakika ili ndege ikichelewa kidogo bado ihesabike imefika kwa wakati. Ndiyo maana rubani anaweza kutangaza "muda wetu wa hewani ni saa mbili na dakika ishirini" wakati tiketi inasema karibu saa tatu. Wote wawili wako sahihi. Yeye anasema kuruka hadi kutua, tiketi inasema geti hadi geti.

Tahadhari: usitumie 800 kwa safari fupi sana wala kwa ndege za mapangaboi (propela). Helsinki na Tallinn zinatenganishwa na kama km 80 tu. Ndege haipati hata nafasi ya kufika kimo chake.

## Hatua ya 5: Zigeuze saa zote kuwa UTC

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nenda polepole.

Saa zilizo kwenye tiketi ni za mahali husika. Ya kuondoka ni saa ya London, ya kufika ni saa ya Helsinki. Huwezi kutoa moja kwa nyingine kabla hujazileta kwenye saa moja ya dunia, UTC.

- London: UTC+0 majira ya baridi, UTC+1 majira ya joto.
- Helsinki: UTC+2 majira ya baridi, UTC+3 majira ya joto.

Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nchi zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo tofauti ya London na Helsinki ni saa 2 mwaka mzima.

Hesabu ya kwenda, mwezi Januari: kuondoka 10:20 ni 10:20 UTC. Kufika 15:15 ni 13:15 UTC. Tofauti: saa 2 na dakika 55. Linganisha na 2:54 tuliyokadiria.

Hesabu ya kurudi: kuondoka 16:00 Helsinki ni 14:00 UTC. Kufika 17:10 London ni 17:10 UTC. Tofauti: saa 3 na dakika 10.

Zile saa 4 na dakika 55 na saa 1 na dakika 10 zimeyeyuka, na tofauti iliyobaki kati ya kwenda na kurudi ni ya upepo na akiba ya ratiba.

Tahadhari ya saa zetu. Usihesabu kwa saa za Kiswahili. Hesabu kwa saa 24 kwanza, ukimaliza ndipo ugeuze. Kuanzia 07 hadi 18 toa 6: 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, 15:15 ni saa tisa na robo alasiri. Kuanzia 19 hadi 23 toa 18. Kuanzia 00 hadi 06 ongeza 6. Ukimpigia mtu wa kukupokea, mtumie pia namba za saa 24 kwa maandishi, maana "saa tatu" tu imewahi kumpeleka mtu uwanjani asubuhi badala ya alasiri.

Kwa walio nyumbani. Afrika Mashariki haibadilishi saa. Majira ya joto, saa ya Helsinki ni sawa kabisa na ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Majira ya baridi inalingana na Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. London iko nyuma ya Nairobi kwa saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi.

Kwa miji mingine: Uturuki iliacha kubadilisha saa tangu 2016 na imebaki UTC+3 daima. Kwa hiyo London na Istanbul hupishana saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi. Iceland nayo haibadilishi. Iko UTC+0 mwaka mzima.

## Hatua ya 6: Jipime kwa mwendo

Gawanya umbali kwa muda ulioupata. Kwa safari za kilomita elfu moja na mia tano hadi elfu mbili na mia tano, jibu linatakiwa liwe kati ya km 550 na 700 kwa saa.

- 1,848 ÷ 2.92 = kama 633. Sawa.
- 1,848 ÷ 3.17 = kama 583. Sawa.
- 1,848 ÷ 4.92 = kama 376. Ndege ya jeti haijikokoti hivyo. Umesahau kanda za saa.
- 1,848 ÷ 1.17 = kama 1,580. Huo ni mwendo wa kupita sauti. Ndege ya abiria ya Ulaya iliyokuwa na mwendo huo ni Concorde, nayo ilistaafu 2003. Umesahau kanda za saa.

Kumbuka kugeuza dakika kuwa sehemu ya saa kwanza: dakika 55 ni 0.92, si 0.55.

## Hatua ya 7: Panga siku nzima, mlango hadi mlango

Huu ndio muda wa kumwambia mwenyeji wako. Tuchukue mtu anayekaa Stratford, mashariki mwa London:

- Nyumbani hadi Heathrow kwa treni: saa 1 na dakika 15.
- Kuwahi uwanjani kabla ya ndege: saa 2.
- Geti hadi geti: saa 2 na dakika 55.
- Pasipoti na mizigo Vantaa: dakika 50.
- Treni hadi katikati ya Helsinki: dakika 30.
- Kutembea hadi unapolala: dakika 15.

Jumla ni saa 7 na dakika 45 kwa safari ambayo hewani haifiki saa tatu. Anatoka nyumbani 07:05 kwa saa ya London, anafika 16:50 kwa saa ya Helsinki. Ikiwa ni mwishoni mwa Desemba, jua la Helsinki huzama kama saa tisa na robo alasiri, kwa hiyo atafuata treni gizani na kwenye baridi. Koti liwe kwenye begi la mkononi, lisiwe kwenye sanduku lililopelekwa chini.

Usiibane ile dakika 50 ya pasipoti. Uingereza haimo kwenye Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani; Finland imo. Abiria wa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza, na tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani badala ya mhuri. Foleni inaweza kwenda haraka, inaweza kusimama.

Kama unatoka Nairobi au Dar na umenunua tiketi mbili tofauti, moja hadi London na nyingine hadi Helsinki, hesabu ya kuunganisha ianzie unapotoka nje na mzigo wako na kuingia upya, tena ukiwa na viza ya kuingia Uingereza. Shirika la pili halina deni nawe ikiwa la kwanza limechelewa. Kwa maoni yangu tiketi moja ya moja kwa moja hadi mwisho wa safari, hata ikizidi bei kidogo, ni afadhali.

## Hatua ya 8: Tunza ile namba ya umbali, ina pesa

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 hupanga fidia ya ndege iliyochelewa kufika kwa saa 3 au zaidi kwa kufuata umbali, na umbali wenyewe ni ule wa hatua ya 2, mstari mfupi juu ya mviringo wa dunia. Hadi km 1,500 ni yuro 250. Kati ya km 1,500 na 3,500 ni yuro 400. Safari ndefu zaidi zinazotoka nje ya Umoja hufikia yuro 600. Uingereza ina kanuni yake iliyorithi hiyo, yenye viwango vya pauni 220, 350 na 520. London na Helsinki, kwa km 1,848, iko daraja la kati. Viwango hivi huweza kurekebishwa, basi soma vinavyotumika tarehe ya safari yako.

Shirika likithibitisha kwamba sababu ilikuwa nje ya uwezo wake, kama dhoruba, fidia hiyo hailipwi, ingawa chakula na mahali pa kulala bado ni haki yako.

Mambo mawili huwapokonya watu haki hii bila wao kujua. La kwanza ni saa ya kufika. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba kufika ni pale mlango wa ndege unapofunguliwa abiria watoke, si magurudumu yanapogusa ardhi. Ndege ikitua ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 54, kisha mkakaa ndani dakika kumi, mmeshavuka saa 3. Piga picha ya saa ya simu mlango ukifunguliwa.

La pili ni safari ya kuunganisha. Kwa tiketi moja kutoka Helsinki hadi Dar es Salaam, umbali huhesabiwa kwa mstari wa moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ambao ni zaidi ya km 7,000, na ucheleweshaji hupimwa Dar. Afisa akikuandikia kwamba fidia yako ni ya kipande cha kwanza tu cha kilomita elfu moja na kitu, mrudishie hesabu ya hatua ya 2 ukiwa umeweka latitudo na longitudo za Helsinki na Dar es Salaam. Latitudo ya Dar iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo iandike na alama ya kutoa: −6.88.